Helikopta ndogo ya rimoti: ipi utamudu kuiangusha?

Anayenunua helikopta ya rimoti kwa mara ya kwanza hulinganisha bei zilizoandikwa kwenye maboksi, kisha huchagua anayoimudu. Hesabu hiyo ina pengo. Helikopta hizi huanguka, na si baadhi, ni zote. Huanguka zaidi mwanzoni, wakati mitambo haijasawazishwa vizuri na vidole vya mwenyewe havijazoea. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ina mafungu manne: chombo chenyewe, vitu vinavyokihudumia (rimoti, chaja, betri), kazi ya kukirekebisha kabla hakijaruka, na gharama ya kila anguko. Wahenga walisema rahisi ghali. Kwenye helikopta, ghali nayo ina ughali wake wa pili, na huo ndio unaozipeleka nyingi kabatini.

Bei zilizomo humu ni makadirio ya dola kwa bidhaa mpya, kabla ya nauli na kodi. Kwa shilingi, zidisha kwa takriban 130 ukiwa Kenya na 2,600 ukiwa Tanzania, kisha hakikisha kiwango cha siku unayolipa.

Madaraja manne

La kwanza ni helikopta zenye mapanga ya pembe isiyobadilika. Mota ikizunguka kasi chombo hupanda, ikipunguza kinashuka. Mfano mzuri ni C186, yenye umbo la helikopta ya Kijerumani Bo 105. Ina jairo ya kuituliza na kipimo cha shinikizo la hewa kinachoshikilia kimo hata ukiachia mkono. Kwa dola 70 hadi 80 unapata rimoti na betri ndani ya boksi.

La pili ni ndogo ambazo mapanga yake hubadili pembe angani huku mota ikizunguka kwa kasi ileile. Hizi huitikia amri papo hapo, na huweza kuruka kichwa chini. XK K110 ni maarufu katika daraja hili: haifiki gramu 100, hupatikana kwa dola 90 hadi 100 bila rimoti, na ina hali mbili, moja inayojinyoosha yenyewe na nyingine isiyomsaidia rubani. Mota yake kuu haina brashi, lakini ya mkia inazo, na mota ya brashi huchakaa. Hesabu mota ya mkia kama kipuri cha kawaida.

La tatu ni helikopta ambazo mota huendesha mapanga moja kwa moja, bila gia. OMPHobby M1, yenye duara la mapanga la milimita 290, huuzwa kiasi cha dola 300. Kaka yake M2, ya milimita 400, hupita dola 400. Kukosekana kwa gia kunaondoa sehemu kadhaa zinazovunjika na kadhaa zinazohitaji kurekebishwa. Upande wa pili ni kwamba anguko likipinda shafti ya mota, hutabadili gia ya dola tano tu; utaingia kwenye gharama ya mota.

La nne ni daraja la 450, lililopata umaarufu kupitia Align T-Rex 450. Mapanga yake yana urefu wa milimita 325 na duara lote hufika takriban milimita 710. Mara nyingi hununuliwa kama sehemu za kuunganishwa, na ukijumlisha mota, sevo (mota ndogo zinazosogeza mapanga), jairo na kidhibiti mwendo cha mota, unafika dola 500. Kuna watu wanaoipenda kwa sababu hizi: huonekana vizuri kwa mbali, hustahimili upepo, na kila skrubu umeikaza mwenyewe.

Kazi ya mezani

Hapa ndipo madaraja yanapoachana. C186 inatoka kwenye boksi tayari. Kazi yako ni kuiweka mahali tambarare inapowashwa ili jairo ijue usawa ni upi, na kurekebisha kidogo kwa vitufe vya rimoti ikiwa inasogea upande mmoja.

K110 na M1 hutoka kiwandani zimekwisha kurekebishwa, lakini usiamini kabla ya kukagua. Betri ikiwa mahali pake, inua chombo kwa vidole viwili kwenye kitovu cha mapanga. Pua ikishuka au kupanda, sogeza betri hadi kikae sawa. Kaza skrubu za mapanga kiasi kwamba ukikilaza chombo ubavu hayashuki yenyewe, ila ukikitikisa yanasogea. Yakikazwa mno, chombo kitatetemeka. Yakilegea, yatachelewa kunyooka mota ikianza.

Kisha jaribu jairo bila kuwasha mota. Inamishe helikopta pua chini. Swashpleti, lile bamba la mviringo chini ya mapanga linalopokea amri za sevo, inapaswa kuinamia nyuma, yaani kupinga ulichofanya. Ilaze kushoto, nayo ielekee kulia. Ikikuunga mkono badala ya kukupinga, jairo imewekwa kinyume, na helikopta itapinduka kabla ya kuacha ardhi. Jaribio hili halina gharama, na huokoa anguko la kwanza.

Kwenye 450 kazi hiyo ni ya siku nzima au zaidi. Mikono ya sevo lazima isimame nyuzi 90 kwenye viungo vyake wakati kijiti cha rimoti kiko katikati. Swashpleti ikae sawa. Pembe ya mapanga iwe sifuri katikati ya mwendo, kisha ipimwe juu na chini. Kwa mwanafunzi, nyuzi 2 au 3 hasi chini, 5 hadi 6 pale inapoelea, na 9 hadi 10 juu zinatosha. Za michezo ya kupinduka huanzia 10 hadi 12 pande zote mbili. Mapanga mawili yalingane uzito, la sivyo jepesi liongezwe utepe. Skrubu zote zinazoingia kwenye chuma zipakwe gundi ya kuzuia kulegea. Kwa hayo unahitaji kipima pembe cha kidijitali, bisibisi za heksa za milimita 1.5, 2 na 2.5, na koleo ya kuchomolea viungo: weka dola 60 kando.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama una fedha za 450 tu. Je, unafurahia kazi ya fundi kama unavyofurahia kuruka? Kama jibu ni hapana, daraja hilo litakuchosha hata ukipewa bure.

Majaribio ya angani

Ruka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, mahali pa wazi pasipo watoto wala wapita njia. Simama hatua kadhaa nyuma ya helikopta, mkia ukikuelekea. Kwa 450 ongeza umbali. Hili si la kupuuza. Mapanga ya 450 yakizunguka mara 2,600 kwa dakika, ncha zake hukimbia kwa karibu kilomita 350 kwa saa. Mwaka 2013 jijini New York, rubani wa helikopta ya mfano iliyo kubwa kuliko hizi alifariki baada ya kugongwa na mapanga yake mwenyewe.

Jaribio la kwanza kabisa ni la swichi ya kukata mota. Hakikisha unaijua kwa kidole bila kutazama. Helikopta ikianza kukuponyoka, kata mota kabla haijagusa ardhi. Mapanga yanayozunguka bila nguvu huvunjika yenyewe tu. Yanayosukumwa na mota huondoka na gia, shafti na mkia. Hakuna kifaa cha kununua kinachopunguza bili ya vipuri kuliko tabia hii.

La pili ni mtetemo. Zungusha mota hadi karibu na kuinuka, kisha tazama mkia na miguu. Ukiona ukungu kwenye ncha ya mkia, shuka utafute chanzo: panga lisilo na uzito sawa, shafti iliyopinda, au beringi iliyokufa.

La tatu ni njia ya mapanga. Ikiwa inaelea usawa wa macho, tazama duara kwa ubavu. Ukiona mistari miwili, panga moja linapita juu ya jingine. Rekebisha kiungo cha moja kwa nusu mzunguko, ruka tena, angalia tena.

La nne ni mkia. Unyeti wa jairo ukizidi, mkia hutikisika haraka kushoto na kulia. Ukipungua, mkia hutangatanga kila unapopanda au upepo unapopiga. Ongeza kidogo kidogo hadi uanze kutikisika, kisha rudisha nyuma hatua moja au mbili.

La tano ni muda wa betri, na hapa wengi huharibu fedha. Ruka dakika mbili tu, tua, gusa mota na betri. Zikiwa na joto usiloweza kulivumilia kwa kiganja, kuna kitu kinakwama. Kisha chaji na usome chaja imerudisha kiasi gani. Tuseme betri ni ya mAh 650 na imerudishiwa 200: unatumia 100 kwa dakika. Betri za lithiamu hudumu zaidi ukitumia asilimia 80 tu, yaani 520. Weka saa ya rimoti ikulilie kwenye dakika ya tano. Betri inayoshushwa chini ya volti 3 kwa kila seli huanza kuvimba, na kila betri iliyovimba ni fedha iliyotupwa.

Nairobi si Dar es Salaam

Maelekezo ya kiwandani hayakuandikwa kwa nyanda za juu. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa vipimo vya kawaida vya anga msongamano wa hewa katika kimo hicho ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Mapanga yale yale, kwa pembe ile ile na kasi ile ile, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu ya kuinua.

Helikopta ya pembe inayobadilika hulipa deni hilo kwa kuongeza pembe kidogo, au kasi kwa takriban asilimia 9. Ya pembe isiyobadilika haina njia ila kuzungusha mota kwa kasi zaidi, na mota zake ndogo hazikuachiwa akiba kubwa. Itaruka, lakini kwa uvivu, na betri itaisha mapema. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar anaweza kuanza na daraja la kwanza bila wasiwasi wa hewa nyepesi, ingawa upepo wa bahari utamlazimu kurukia ndani ya ukumbi au alfajiri. Anayeishi Nairobi, Nakuru au Arusha atapata thamani zaidi akianzia daraja la pili.

Vitu visivyoanguka

Rimoti haianguki, ndiyo maana inastahili fedha nzuri mapema. Rimoti ya kampuni ya RadioMaster inayotumia programu ya EdgeTX huanzia dola 60 au 70 kwa ndogo kama Pocket, na Boxer hufika dola 100 hadi 140. Kabla ya kulipa, angalia moduli ya ndani inayotuma mawimbi. Toleo la ELRS halizungumzi na K110 wala helikopta za chapa ya Blade. Toleo la CC2500 huzungumza na K110, inayotumia lugha ya mawimbi ya Futaba S-FHSS, lakini si na Blade, zinazotumia DSMX ya Spektrum. Toleo la nne-kwa-moja huzungumza na zote hizo. Kuokoa dola 20 hapa kunaweza kukufungia mlango wa helikopta unayotaka mwakani.

Simuleta ya kompyuta ni kifaa cha pili kisichoanguka. RealFlight hugharimu kiasi cha dola 100, na zipo nyingine za bei ya chini. Rimoti za EdgeTX huunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta huzitambua moja kwa moja. Kinachofunzwa humo ni kuifanya helikopta ielee ikiwa imekugeuzia pua, ambapo kushoto kwako ni kulia kwake. Kujifunza hilo kwa vipuri halisi ni ada kubwa mno.

Chaja nayo iwe inayosawazisha seli moja moja na kuonyesha mAh ilizorudisha, na iweze kuiacha betri kwenye volti 3.8 kwa seli pale unapojua hutaruka kwa wiki kadhaa. Dola 40 zinatosha kwa madaraja madogo.

Betri, ndege na forodha

Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo sharti ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Zilizofungashwa pamoja na kifaa zina masharti mepesi zaidi. Matokeo yake sokoni ni wazi: agiza betri za ziada ndani ya oda ileile ya helikopta, kwa sababu ukizifuata baadaye peke yake, wauzaji wengi watakataa au nauli itapita bei ya betri. Ndugu anayesafiri anaweza kukubebea, lakini ziwe kwenye begi la mkononi na kila moja isizidi Wh 100. Ya M2, mAh 650 kwa volti 11.1, ni takriban Wh 7 tu.

Kodi usiisahau. VAT ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na hutozwa juu ya bei pamoja na nauli, bima na ushuru. Kwa chombo cha dola 300 chenye nauli ya dola 40, VAT pekee Tanzania haipungui dola 61. Pia uliza mamlaka ya usafiri wa anga (TCAA Tanzania, KCAA Kenya) kuhusu kibali kabla ya kuagiza, maana nchi zote mbili zina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, na mzigo uliokwama forodhani hulipiwa ghala.

Hesabu kamili

Chukulia mwanafunzi ataanguka mara 20 hadi atulie. Kwa madaraja matatu ya juu nimeweka rimoti ya dola 120 na simuleta ya dola 60.

- C186: chombo 75, betri za ziada 20. Jumla 95. Anguko dola 3. Baada ya maanguko 20: dola 155.
- K110: chombo 95, rimoti na simuleta 180, betri tano na chaja ndogo 40. Jumla 315. Anguko dola 6. Baada ya maanguko 20: dola 435.
- M1: chombo 300, rimoti na simuleta 180, betri 40, chaja 40. Jumla 560. Anguko dola 15. Baada ya maanguko 20: dola 860.
- Daraja la 450: chombo na elektroniki 500, rimoti na simuleta 180, betri tatu 60, chaja na kigeuza umeme 70, zana 60. Jumla 870. Anguko dola 45. Baada ya maanguko 20: dola 1,770.

Kwenye 450, vipuri vinagharimu zaidi ya kila kitu ulichonunua mwanzoni. Simuleta ikikuokoa maanguko mawili tu ya daraja hilo, imejilipa na kukuachia dola 30. Na hapo sijaweka muda: K110 hurudi hewani kwa dakika chache za bisibisi, wakati 450 hukaa mezani jioni nzima ikisubiri shafti, na ikiwa shafti haipo nchini, wiki kadhaa.

450 ya mtumba hubadilisha hesabu kidogo, kwani huweza kupatikana kwa nusu ya bei au chini. Ukienda kuiona, zungusha shafti kuu polepole utazame kama inayumba, shika mapanga usikie kama yana mchezo, sogeza kila sevo usikilize meno yanayokwaruza, na betri iliyovimba usiihesabu. Chukulia pia kwamba utaisawazisha upya tangu mwanzo, hata muuzaji akiapa kwamba jana iliruka.

Ununue ipi

Mwenye dola 150 na anayeishi pwani anunue C186 na betri mbili za ziada. Atajifunza mwelekeo na kutua. Akichoka baada ya miezi miwili, hajapoteza kiasi cha kumuuma.

Mwenye dola 300 hadi 450, popote alipo, achukue rimoti ya nne-kwa-moja na simuleta kwanza, afanye mazoezi hadi aweze kuifanya helikopta ya kompyuta ielee ikiwa imemgeuzia pua, kisha ndipo aagize K110 na betri zake kwa pamoja. Kwa wengi hili ndilo chaguo bora, maana nusu ya fedha inabaki kwenye vitu vitakavyotumika na helikopta ya pili na ya tatu.

M1 inamfaa anayerukia nje kila wiki, asiyependa kurekebisha gia, na aliyekwisha kupita hatua ya kuanguka kila siku. Daraja la 450 libaki kwa fundi: mtu ambaye kupima pembe na kusawazisha mapanga ni starehe yake, na ambaye ameweka kando bajeti ya vipuri inayozidi bei ya chombo.

Kwa daraja lolote, kabla ya kulipa muulize muuzaji bei ya mapanga, shafti ndogo ya kichwa, shafti kuu na mota ya mkia, na kama anavyo dukani leo. Akijibu kwa bei za kila kipuri, endelea na mazungumzo. Akikwambia haivunjiki, tafuta duka jingine.